Kabla ya arubaini ya Ami

Kibokoni, Mombasa
Jumapili usiku

Swahibu yangu,

Assalaam aleikum warahmatullahi wabarakatuh. Natumai shemeji hajambo na watoto hawajambo, na joto la Maskati limewapungukia kidogo. Huku twamshukuru Mungu. Mama akusalimu, asema ile dawa ya magoti imemfaa sana, umtumie nyingine. Mrefu naye akusalimu.

Siku ya msiba nilikutumia ujumbe wa sauti nikiwa nimesimama mlangoni, watu waingia, watu watoka, na najua hukupata la maana zaidi ya kwamba Ami ametutoka. Leo nimekaa nikuandikie vizuri. Barua hii nampa shemeji yako wa Kisauni, asafiri Alhamisi, atakuletea mkononi pamoja na achari na zile kashata. Nina habari za kukupa na nina haja kubwa nawe, na hiyo haja haiwezi kungoja kwa sababu arubaini yakaribia.

Alifariki usiku wa kuamkia Jumatano, kitandani kwake, mkewe ubavuni na Kitinda, mtoto wao wa mwisho, miguuni. Moyo. Ulikuwa ukimsumbua tangu Ramadhani iliyopita ila hakutaka watu wajue. Akipanda ngazi alisimama katikati kama anayetazama ile picha ya Makka ukutani, kumbe apumzika. Wanawe ndio waliomuosha, pamoja na Maalim. Akaswaliwa baada ya Adhuhuri, tukampeleka Kikowani. Jeneza lile, ndugu yangu, bega nililipata karibu na lango la makaburi tu, kwa wingi wa watu. Walikuja wazee aliofanya nao kazi Kilindini enzi zile za kuhesabu magunia yakishuka na kupanda melini. Walikuja vijana wa Majengo, Waislamu kwa Wakristo. Wauza maji waliegesha mikokoteni yao nje ya ukuta, wakaingia na miguu yao mitupu, wakasimama nyuma kabisa. Mmoja wao alilia mpaka tukamshika.

Hapo sina neno. Mtu alizikwa kwa heshima yake. Langu laanzia siku ya hitima.

Wazee walisimama mmoja baada ya mwingine wakamsema. Wakataja tangi la maji. Wakataja damu. Wakataja chama chetu cha kufa na kuzikana, jinsi alivyoshika hazina miaka yote na senti haikupotea. Wakataja korona. Mtu wa watu, wakasema, mtu wa jamii, mtu aliyejitolea kwa mtaa. Yote ni kweli na mimi ni shahidi. Lakini Mama alikuwa upande wa wanawake, amekaa kando ya mkewe Ami, na aniambia yule bibi alisikiliza mpaka mwisho akiwa ameinama, kisha akamnong'oneza: wamemsema vizuri, lakini mume wangu mimi hawajamtaja.

Maneno hayo hayanitoki kichwani. Kwa sababu wasifu wa kusomwa siku ya arubaini nimepewa mimi niuandike, na wazee wameniletea karatasi imejaa vyeo. Mwekahazina, katibu, mjumbe wa kamati ya msikiti, tangu lini hadi lini. Ukiisoma wadhani ni ya mtu asiyelala kwake. Ami! Ami ambaye baada ya Isha ukimtaka lazima umfuate nyumbani kwake!

Na juu ya hayo kuna mheshimiwa fulani, simtaji, ambaye ametuma watu kwamba ataleta mahema na vipaza sauti, na angependa kusema maneno mawili matatu. Mkubwa wa wana wa Ami amenyamaza kwa adabu. Mimi nimesema waziwazi kwamba hitima si mkutano. Akija, aje na msahafu akae asome juzuu yake kama wengine. Nimekasirika na bado nimekasirika, na Maalim yuko nami katika hili.

Turudi kwa Ami. Nataka nikueleze ninavyotaka kuandika, uniambie kama nimenyooka.

Nataka kuanzia chumba cha juu. Wewe uliishi ukuta kwa ukuta nao, wajua dirisha lile la mbao lililo juu ya baraza. Sasa hebu fikiri: vikao vyote vya mtaa, miaka nenda miaka rudi, vilifanyika wapi? Si msikitini, si kwa mwenyekiti. Barazani kwa Ami. Wazee husema alikuwa mkarimu, kahawa yake haikwisha. Mkarimu alikuwa. Lakini mkewe amemwambia Mama sababu yenyewe, na nilipoisikia nilikaa chini: chumba kile kilikuwa cha Kitinda, na Ami hakukubali kukaa mahali ambapo mtoto akilia hatamsikia. Ndiyo maana alikuwa akiinuka katikati ya maneno. Wakumbuka? Mzee mwenzake yuazungumza, Ami ainua uso, asikiliza, aondoka. Arudi baadaye mikono yanukia mafuta ya nazi, kwa sababu ametoka kumkanda mtoto miguu kwa mafuta ya moto. Tulikuwa watoto, tukaona ni kawaida ya wazee.

Kitinda mwenyewe ameniruhusu niutaje ugonjwa wake mbele za watu. Nilimuuliza kwa taratibu, akanijibu kwa ukali kidogo kwamba babake hakuuficha hata siku moja, kwa nini sisi tuufiche. Basi nitaandika siko seli, ugonjwa wa damu wa kurithi, kwa herufi kubwa ikibidi. Nitaandika kwamba alipokuwa wa miezi michache vidole vya mikono na miguu vilimvimba, akilia usiku kucha, na watu wakasema ni jicho, wengine wakasema ni pepo, na kuna aliyeleta mganga mpaka mlangoni. Ami akamshukuru mganga kwa kuja, akampa kahawa, kisha akambeba mtoto hospitali. Damu ikapimwa. Na hapo ndipo penye jambo ambalo nataka lisikike na kila mwanamume atakayekuwa pale.

Upande wa Ami walianza kumsema mkewe. Kwetu hakuna ugonjwa huo, wakasema, umekuja na yule mwanamke. Wewe wazijua hizo lugha. Ami akawaita wote, kwao na kwa wakweze, akawakalisha kwenye baraza ileile. Akawatolea karatasi za hospitali, yake na ya mkewe, akawasomea. Akasema: nusu imetoka kwangu, nusu imetoka kwake, anayetaka kumlaumu mke wangu aanze na mimi. Na ndivyo ulivyo ugonjwa wenyewe, mtu hawezi kuupata kwa mzazi mmoja. Ukibeba nusu huumwi wala hujui. Mkikutana wawili mnaobeba, kila mimba ina nafasi moja kati ya nne ya kutoa mtoto mwenye ugonjwa kamili. Wale wavulana wawili walipita salama, akaja Kitinda. Na hiyo nusu imejaa pwani yetu kwa sababu humkinga mtoto asizidiwe na malaria, ndiyo maana imekaa katika damu zetu vizazi na vizazi. Haya yote Ami alijifundisha, karani wa bandarini, kwa kuuliza madaktari maswali mpaka wakamzoea.

Tangu siku hiyo hakuna aliyemgusa mkewe kwa neno.

Sasa maji. Daktari alimwambia mtoto huyu asikose maji, asipigwe na baridi, asichelewe na homa, na ile dawa yake ya folic acid anywe kila siku. Maji, Mombasa! Kisiwa kimezungukwa na maji, na visima vya Mji wa Kale vyote vina chumvi. Ya kunywa yatoka Mzima kule Tsavo, yatoka Marere huko Shimba Hills, yatoka Baricho kando ya mto Sabaki. Bomba likipasuka njiani, mifereji ya Kibokoni yatoa upepo wiki nzima, na mtungi kwa mkokoteni hupanda bei siku hiyohiyo. Ami alifanya ovataimu usiku hadi usiku mpaka akanunua tangi la kwanza, si la mtaa, la mwanawe. Akaliweka juu ya dari.

Mkewe ndiye aliyesimulia yaliyofuata. Mifereji ilikauka, tangi la Ami limejaa, na mtoto wa nyumba ya pili alikuwa na homa na hana tone. Ami akateremsha ndoo. Asubuhi kulikuwa na ndoo nyingine mlangoni, na nyingine. Mkewe akaingiwa na hofu: yakiisha, Kitinda afanyeje? Hofu hiyo ilikuwa ya haki, na Ami hakumkemea. Alikwenda akapima lita za kumtosha Kitinda kwa wiki, akazitia kwenye mitungi akazifunga chumbani, kisha ndipo akafungua yaliyobaki. Na jioni ile ndiyo akaanza kuzunguka nyumba kwa nyumba kuchangisha lile tangi kubwa la pembeni ambalo leo kila mtu alisifia. Waona mambo yalivyokuja? Wazee wamesema alijitolea kwa mtaa. Mimi nasema alikuwa baba kwanza, na ubaba ule ukawa mpana mpaka ukafika pembeni ya barabara. Hili ndilo nataka lisikike siku ya arubaini, na mkewe alisikie likitamkwa.

Damu ni hivyohivyo. Kitinda alipoongezwa damu mara ya kwanza, waliambiwa ndugu waje watoe za kurudisha. Ami akatoa, ndugu zake wakatoa. Miezi mitatu ilipotimia akaenda tena akatoa bila kuitwa, kwa kuwa alishaelewa kwamba damu haikai frijini milele na kwamba siku mtoto akizidiwa hakuna muda wa kuanza kutafuta watu. Ndipo likaja lile daftari. Nimelishika mkononi juzi. Gamba lake jeusi, kona zimeliwa, kila jina na kundi lake na tarehe ya mwisho kutoa. Wewe umo, B chanya, na mbele ya jina lako ameandika kwa mwandiko wake mzuri: apewe kitu cha kula kwanza. Nilicheka peke yangu, kisha nikalia. Wakumbuka ulivyoanguka, na sharubati ya ukwaju mkononi?

Na ile desturi ya kutoa damu Ramadhani wengi hawajui ilivyoanza. Wachangiaji hupungua mwezi huo kwa sababu ya saumu, na Kitinda alizidiwa kumi la mwisho. Mwaka uliofuata Ami akapanga watu watoe baada ya Tarawehe, wakiwa wamekwisha kula na kunywa. Hata leo ni hivyo. Wanawake wangapi wamejifungua salama kwa daftari lile, Mungu ndiye ajuaye. Mke wa yule fundi cherehani ni mmoja wao, na yeye ndiye aliyeshona mashuka ya msibani bila kuchukua kitu.

Hata korona, waliyoitaja kama ushujaa, ilikuwa safari ya dawa za Kitinda. Mei 2020 Mji wa Kale ulipofungwa, hakuna kuingia wala kutoka, Ami alikwenda kizuizini na kadi ya kliniki ya mwanawe akaomba apite. Akapewa ruhusa. Kabla ya safari ya pili alipita milango yote kukusanya kadi za wenye sukari na wenye presha, akazifunga kwa mpira mmoja, akaenda na kurudi na mfuko wa dawa za watu. Mzee wa umri ule, na barakoa mbili usoni, na jua la Mombasa.

Nakuandikia nikiruka huku na huku, nisamehe, kila nikiandika moja laja jingine. Mambo ya nyumbani tu nikianza kuyaandika hayaishi. Sare za shule alizipiga pasi yeye, za watoto wote watatu, Jumapili jioni, huku redio yasema. Alikwenda kwa mwalimu wa Kitinda kuomba mtoto asikatazwe kutoka darasani kwenda msalani, maana anakunywa maji mengi, na kila mwaka mwalimu akibadilika alikwenda upya. Ijumaa alimnunulia mkewe asumini kwa yule bibi wa karibu na Msikiti wa Mandhry, hata miaka hii ambapo mkono wake ulikuwa ukitetemeka kuhesabu sarafu. Na vijana waliotaka kuoa! Wewe si alikushika mkono siku ya posa yako akakupeleka wewe na shemeji mkapimwe kwanza? Wazazi wa shemeji walitaka kuudhika. Akawaambia yeye haji kuvunja ndoa, aja ili wanaooana wajue, basi. Ilikuwa vita, siku zile. Siku hizi Maalim mwenyewe huwauliza maharusi.

Kitinda si mzuri sana, nikueleze ukweli. Baada ya maziko hakula, hakunywa, na baridi ya usiku ya kukaa sakafuni na wageni ikampata. Maumivu yakaja ya mgongo na kifua, akalazwa. Kakake mdogo alifungua daftari akapiga simu, na kabla ya Magharibi vijana walikuwa wamepanga foleni. Ametoka sasa, yuko nyumbani, anakunywa dawa yake ya haidroksiurea, na chekechea yake amemwachia mwenzake mpaka mwezi ujao. Mamake yuko edani, na jambo linalomtia wasiwasi zaidi ni nani atakayesikiliza usiku. Wamehamishia vitanda chumba kimoja. Umuombee.

Haja yangu nawe ni hii. Kuna usiku mmoja ambao mimi siujui, na Ami hakuusimulia. Mvua za El Niño, 1997. Mimi nilikuwa Lamu kwa nyanya, na niliporudi nilisikia tu kwamba wewe na Ami mlimpeleka Kitinda hospitali usiku, barabara zimejaa maji, hakuna gari, mkamsukuma kwa mkokoteni. Alikuwa mdogo sana, yeye akumbuka mwanga wa taa na sauti ya babake basi. Mamake alibaki na wavulana. Kwa hivyo duniani sasa aliyebaki na usiku ule ni wewe peke yako. Kitinda ameniomba nikuulize. Alitaka kumuuliza babake mwenyewe, kila siku akisema kesho.

Sitaki uupambe. Niandikie kama ulivyokuwa.

Mkokoteni ulikuwa wa nani? Nani alishika taa? Mlikata kwa Makadara au mlizunguka kwa Digo Road? Maji yalikufika wapi? Walimfunika mtoto na nini asilowe? Ami alisema nini njiani, au alinyamaza? Ni kweli alikuwa akimhesabia mtoto taa za barabarani ili asilale, au hilo Kitinda ameliota? Mlipofika alikuambia nini? Alikurudisha nyumbani na nani?

Na wewe binafsi, waweza kuja? Mwajiri wako amekubali ile likizo, au bado akuzungusha? Nauli ikiwa ndiyo shida niambie, tutaona tufanyeje na kina Mrefu. Mtoto wa tatu amepimwa? Shemeji amezungumza na mkewe Ami? Ampigie, baada ya Alasiri ndiyo wakati mzuri, na asiogope kumtaja Ami, yule bibi apenda atajwe.

Kama huna wasaa wa kuandika, nijibu kwa sauti, ila useme polepole na usikatekate, maana Kitinda amesema atasikiliza mwenyewe, na mimi nataka niandike neno kwa neno kabla ya wazee kunijia tena na karatasi yao.

Wasalaam, salamu kwa wote hapo,

Nduguyo